Kulala nyumbani kwetu si kuwa kazini usiku kucha

Msichana aliyekuja kuwa yaya anashuka kwenye boti Malindi ya Unguja au Mkoani ya Pemba na begi lake moja, anapokewa, anaoneshwa choo na jiko, kisha anaambiwa neno ambalo kila nyumba ya Unguja na Pemba inalijua: "Hapa ni kwenu, wewe ni mwanetu." Neno zuri, na wengi hulisema kwa moyo safi. Lakini hazipiti wiki mbili neno lile lile linaanza kumuumiza. Mwana wa nyumba akiumwa na kichwa hulala. Akichoka husema kachoka. Akitaka kwenda kwa shangazi yake Fuoni, huaga akaenda zake. Yaya hana hata kimoja katika hivyo, na akikiomba anajibiwa kwa masikitiko: "Sisi tumekuchukua kama mwanetu, mbona unatuhesabia?"

Naandika kwa mama anayetafuta yaya wa kukaa ndani, na kwa yaya mwenyewe, au mzazi wake aliyeko shamba anayemuaga. Ninaloshikilia ni hili: kuwepo nyumbani na kuwa kazini ni vitu viwili. Nyumba isiyoweza kuvitenganisha, afadhali ichukue mtu wa kwenda na kurudi.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuipiga. Nyumba ina watoto watatu, mdogo wa miezi minane. Yaya anaamka saa 10 na nusu alfajiri, anachemsha maji na kutenga chai. Saa 12 anawavisha wa skuli, saa 1 anawapeleka. Anarudi kwa mtoto, nguo na jiko. Saa 8 mchana watoto wakubwa wanakwenda chuoni kusoma Kurani, saa 11 anawafuata. Inakuja kuogesha, chakula cha usiku, vyombo, na saa 4 usiku ndiyo anagusa godoro. Hizo ni saa 17 na nusu. Mtolee saa 2 za kula, kuoga na kusali, zinabaki 15 na nusu. Zidisha kwa siku saba: saa 108 na nusu, katika wiki yenye saa 168.

Hapo usiku bado. Mitaa mingi ya mjini maji hutoka kwa zamu, na zamu aghlabu huangukia usiku. Anayesubiri bomba likohoe saa 8 za usiku ili ajaze ndoo na mapipa ni nani? Asubuhi hakuna anayeikumbuka kazi ile, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imelala. Kama kuna motapampu na tangi, zamu ya kuwasha ipangwe kati ya wakubwa wote wa nyumba, baba akiwemo. Kama ni yaya, basi ihesabiwe, na asubuhi yake aanze kazi kwa kuchelewa.

Mpango unaowezekana upo. Tuseme mama na baba wanafanya kazi ofisini na wanarudi saa 10 alasiri. Mama anamuogesha mtoto na kumnyonyesha kabla hajatoka. Yaya anapokea saa 1 asubuhi na anakabidhi saa 10. Hizo ni saa 9. Jumatatu hadi Ijumaa ni 45, ongeza Jumamosi asubuhi saa 5, zinakuwa 50. Bado ni nyingi, lakini mwili wa mtu unazibeba. Baada ya saa 10 mtoto ni wa wazazi wake. Yaya anaweza kukaa uwani kusuka ukili, kulala, kuzungumza na mwenzake barazani, na mtu asimuite "njoo mara moja". Huko kuitwa mara moja ndiko kunakouvunja mpango wote, kwani mara moja tano jioni moja ni jioni iliyokwisha.

Na tusidanganyane juu ya usingizi wa mchana wa mtoto. Yaya akiwa peke yake nyumbani, mtoto kalala, yeye kajilaza pembeni na sikio moja liko macho, hiyo si mapumziko. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unataka muda ambao mfanyakazi hana uhuru wa kuutumia apendavyo, kwa kuwa lazima awe tayari kuitwa, uhesabiwe kuwa wa kazi kwa kadiri sheria au mapatano yatakavyoamua. Mapumziko ni pale mtu mwingine anapokuwa na mtoto.

Usiku wenye mtoto mchanga unataka maneno yake peke yake. Kuna nyumba ambazo yaya hulala kitanda kimoja na mtoto tangu siku ya arobaini, ili mama apate usingizi kabla ya kazi. Siwalaumu akina mama wanaochoka. Lakini mtu aliyekwisha kufanya kazi saa 15 akilala kitanda kimoja na kichanga ni hatari ya wazi, kwa sababu usingizi wa kuchoka ni mzito na mtoto hana nguvu ya kujitoa chini ya mkono au shuka. Kichanga kilale chali, juu ya godoro gumu la peke yake, ndani ya chandarua, karibu na mama anayenyonyesha. Ikiwa mmepatana kwamba yaya atasaidia usiku, semeni ni usiku upi na upi, andikeni kwenye daftari kaamka mara ngapi, na wekeni kanuni: akiamka zaidi ya mara mbili, au akikaa macho zaidi ya saa nzima, kesho yake anaanza kazi saa 3. Na malipo ya usiku yawe mbali na mshahara wa mchana.

Yaya anayetaka kulisema hili asianze na "nimechoka". Neno hilo katika nyumba zetu hugeuzwa kuwa uvivu. Aseme kwa adabu, na kwa hesabu: "Mama, naomba tuzungumze ukipata nafasi. Usiku wa jana mtoto kaamka mara nne, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Leo naogopa kumuogesha peke yangu, mikono haina nguvu. Naomba nilale mpaka saa 3." Kuna idadi, kuna hatari kwa mtoto, kuna ombi lenye saa. Mama muungwana hana pa kulikataa, na asiyekuwa muungwana atakuwa amesikia mbele ya Mungu wake.

Chumba. Yaya anayelala ukumbini halali mpaka televisheni izimwe, na huamka kabla ya mwanamume wa kwanza kupita kwenda sala ya alfajiri. Godoro linakunjwa, linasimamishwa nyuma ya kabati, na mchana kutwa hana hata mahali pa kukaa akabadilisha kanga. Pazia haliondoi tatizo hilo. Kulala na watoto wa kike wa nyumba nako ni kazi, maana wao ndio watakaomwamsha wakitaka kwenda chooni. Kinachotakiwa si kikubwa: chumba chenye dirisha linalofunguka, godoro zima, chandarua kisichotoboka, feni ikiwa vyumba vingine vina feni, sanduku au kabati lake, na kufuli yenye ufunguo anaoshika yeye. Pendekezo Namba 201 linaloandamana na mkataba ule linataja ufunguo huo kwa jina lake. Stoo ya mchele na mitungi ya gesi si chumba cha mtu. Na mlango wake hubishwa hodi, hata na mama mwenye nyumba, hata na watoto. Watoto wakifundishwa hodi hiyo mapema, nusu ya heshima imeshajengwa.

Pengine utasema nyumba ni ndogo, vyumba viwili tu. Basi nyumba hiyo haina nafasi ya yaya wa kukaa. Mtafute wa mtaani anayerudi kwao jioni.

Siku ya mapumziko mkataba ule unaiweka saa 24 mfululizo, angalau mara moja kwa wiki. Mfululizo. Yaya anayeruhusiwa Jumapili saa 4 asubuhi baada ya kufua na kupika, kisha akatakiwa arudi saa 12 jioni awahi kuwaogesha watoto, amepata saa 8. Iwe toka Jumamosi saa 6 mchana hadi Jumapili saa 12 jioni, na akitaka kulala kwa ndugu yake Jang'ombe alale. Aseme anakwenda wapi na atarudi lini, kama mtu yeyote anayeishi na wenzake. Asihojiwe yuko na nani. Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapokwama, kwa kuwa msichana ni mdogo na wanahisi wamebeba amana. Amana ni kweli. Lakini mtu mzima huwekewa amana kwa kumuonya, si kwa kumfungia mlango. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondoshwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Tofauti kati ya mtumishi na kijakazi wa zama zile ilianzia hapo hapo, kwenye ruhusa ya kutoka mlangoni kwa hiari yake. Na kama si mtu mzima? Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 13 aliyeletwa kutoka kijijini "aje amsaidie shangazi yake" pahala pake ni skuli, na kumwita ndugu hakubadilishi umri wake.

Sasa kazi zenyewe. Kazi ya yaya ni mtoto: kumlisha, kumuogesha, kufua nguo zake, kuchemsha chupa, kumpeleka na kumrudisha skuli na chuoni, kucheza naye. Mnaweza kupatana na kupika chakula cha mchana. Ila kazi hunyemelea. Leo anaombwa apige pasi kanzu moja ya Ijumaa, mwezi ujao ni kanzu za wanaume wanne. Bibi anaugua na anahitaji kugeuzwa kitandani. Mama anaanza biashara ya maandazi na ubuyu, na anayekanda saa 9 za usiku ni yule yule. Kila moja kati ya hizi ni ajira nyengine. Kipimo chepesi: kama kazi hii ingekuwepo siku ya mapatano, mshahara ungekuwa ule ule?

Hatari haiko kwa yaya peke yake. Mtoto wa miezi kumi anayejifunza kusimama huinamia ndoo, kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akitumbukia hawezi kujitoa, na maji machache tu yanamtosha kuzama. Nyumba zetu zimejaa ndoo kwa sababu ya shida ya maji. Aliyeambiwa amwangalie mtoto na wakati huo huo akaange samaki, hawezi kufanya vyote viwili. Ataacha kimoja, na siku moja atakachoacha ni mtoto. Ndoo na mapipa yafunikwe kwa vifuniko vinavyobana, mlango wa choo uwekewe komeo la juu, na mafuta yachemshwe wakati mtoto yuko mikononi mwa mtu mwengine.

Halafu kuna kuazimwa. Msimu wa harusi, au kukiwa na hitma, shangazi anapiga simu: "Niletee msichana wako siku mbili." Yaya anakwenda kumenya vitunguu na kuosha masufuria ya pilau ya watu mia tatu, anarudi na kanga moja na mgongo unaouma. Mtu haazimwi kama sinia. Mama wa nyumba ana jibu la heshima: "Shangazi, huyu binti Jumamosi yuko mapumzikoni. Muombe mwenyewe, na akikubali mpatane ujira." Shangazi atanuna kidogo. Bora lawama kuliko fedheha.

Ramadhani ndiyo mwezi unaovunja mapatano yote. Futari inaanza kutayarishwa saa 8 mchana, wageni wanaingia, vyombo vinaoshwa hadi saa 5, na saa 9 na nusu za usiku daku inataka kupashwa moto. Anayefanya yote hayo anapata usingizi wa kama saa nne tu, tena kafunga. Gaweni: atakayeshughulikia futari asiamshwe kwa daku. Asubuhi watu wengi huamka taratibu, basi naye aamke taratibu. Sala ya tarawehe akitaka kwenda, iwe ni haki yake kama walivyo wengine. Na ikiwa yaya anatoka Bara na si Muislamu, semeni kabla hajapanda boti: atakula wapi mchana, atavaa nini akitoka nje, Jumapili atakwenda kanisa gani. Kumshitukiza na mambo hayo akishafika ni kumuonea.

Chakula sitakirefusha. Ale wanachokula wenye nyumba, kikiwa moto, si mabaki ya sinia.

Pesa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005, na kima chake cha chini cha mshahara hutangazwa mbali na cha Bara. Anayechukua viwango vya Dar es Salaam mtandaoni anachukua visivyohusika. Ulizeni Kamisheni ya Kazi kiwango cha sasa kabla hamjapatana. Mshahara ulipwe mara moja kwa mwezi au zaidi, kwa tarehe inayojulikana, mkononi mwake au kwenye simu yenye laini ya jina lake. Jambo la "nikuwekee, utapewa ukiondoka" naliogopa kuliko yote. Tuchukue mshahara wa shilingi 120,000: miezi 9 ni 1,080,000. Hakuna daftari. Siku ya kuondoka mama anakumbuka nauli, simu aliyomnunulia, dawa, sahani zilizovunjika, na milioni inageuka laki tatu. Anayetaka kuweka akiba aweke mwenyewe. Kila mwezi daftari liandikwe tarehe, kiasi, na sahihi mbili. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi.

Nauli ya kumleta na ada ya aliyemleta ni gharama ya mwajiri. Zikigeuzwa deni, msichana anafanya kazi miezi mitatu bila ya kuona senti, na hawezi kuondoka hata akipigwa. Sabuni ya kufulia nguo za mtoto na nguo za kazi nazo si sehemu ya mshahara. Kitambulisho chake abaki nacho yeye. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ajulishwe kuwa kuna mkaazi mpya, na hapo inatosha kuonesha kitambulisho. Hakihitaji kufungiwa kwenye kabati la mama.

Mapatano yenyewe karatasi moja inayatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, nakala mbili: majina na umri wa watoto, kazi zipi na zipi si zake, saa ya kuanza na kumaliza, usiku, siku ya mapumziko, mshahara na tarehe yake, nauli ya likizo, nani anamlipia akiugua, na siku ngapi za kuagana. Msomeane kwa sauti. Mrudie baada ya mwezi mmoja, kwani mwezi wa kwanza ndio unaoonesha kilichosahauliwa.

Mipaka iko upande wa pili pia, na yaya mzuri huijua. Mtoto hatoki nje bila ya mama kujua. Picha zake haziwekwi kwenye status ya WhatsApp. Simu haishikwi wakati wa kuogesha, kulisha na kuvuka barabara. Dawa hazitolewi ila zilizoandikwa: jina, kipimo, saa. Mtoto hapigwi, hata akiudhi vipi, na hata kama mama mwenyewe hupiga. Siri za nyumba hazipelekwi bombani. Kwa upande wake mama amwachie simu tatu za dharura zilizoandikwa kwenye karatasi jikoni, paketi za chumvi ya kumnywesha mtoto anayeharisha, akimuonesha kwamba paketi moja ni ya lita 1 ya maji salama, na fedha ya teksi ndani ya kopo. Kamera ikiwepo ukumbini aambiwe. Chumbani kwake na chooni isiwepo kabisa.

Limebaki lile zito. Baba, kaka, mjomba, mgeni: hakuna mwanamume anayeingia chumbani kwa yaya, na hakuna sababu inayohalalisha. Ikitokea amefanyiwa ubaya, asioge, asifue nguo alizovaa, azitie kwenye mfuko wa karatasi au azifunge kwa kanga safi, na awahi hospitali: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ushauri vinapatikana pahala pamoja. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi. Kwa madai ya mshahara na kufukuzwa kuna Kamisheni ya Kazi na chama cha wafanyakazi CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani wamo. Kwa msaada wa sheria kuna ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake wa Zanzibar, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Namba za simu za pahala hapo pote yaya awe nazo kabla hazijahitajika, zimeandikwa pahala pengine mbali na simu yake, kwani simu ndiyo ya mwanzo kunyang'anywa.

Na kuagana. Mtoto aliyelelewa na mtu mwaka mzima humtafuta chini ya vitanda asipomuona asubuhi. Kumtoa yaya usiku ili mtoto asilie kunazidisha kilio. Aambiwe siku chache kabla, kwa maneno yake: "Dada anarudi kwao Wete, atakupigia simu." Yaya wa zamani na mpya wakae pamoja siku tatu au nne, wa zamani amuoneshe mwenzake mtoto analala kwa wimbo gani, anaogopa nini, uji anautaka mzito au mwepesi. Mshahara wote uwe umelipwa kabla begi halijafungwa, na begi lisipekuliwe mbele ya majirani. Nauli ya boti mkononi, na ya gari ya upande wa pili. Ufunguo wa chumba uwe kitu cha mwisho anachokabidhi.